Hapa Asipowika Hakuchi

Tumezoea kusema: asipowika jogoo, kutakucha.
Vizma hajawahi kuisikia methali hii,
na mezani pake, mjini Liepāja, mwezi wa Januari,
bodi arobaini za kijani zinaikanusha.

Kila moja ina jogoo wake,
programu fupi iliyojibanza pembeni mwa chipu.
Umeme ukifika, yeye ndiye wa kwanza kufumbua jicho:
anaihesabu kumbukumbu, anaitega saa,
anabisha mlango wa pili, anauamsha mfumo mkubwa,
anaukabidhi nyumba na funguo zake,
kisha anatoweka bila kuaga.
Asipowika, hakuchi.
Pampu hazizunguki,
maji ya moto yanapoa mabombani chini ya barabara,
na nje ni nyuzi kumi na nane chini ya sifuri.

Bodi ya kwanza haikusema kitu.
Nyaya tatu: ardhi, kutuma, kupokea.
Vizma akazipishanisha, maana kutuma kwa huyu
ni kupokea kwa yule,
kosa la kila mtu, hata la aliyeota mvi kazini.
Ndipo ikabwabwaja:
alama za kuuliza, vipande vya herufi,
maneno ya mgonjwa wa homa.
Akairekebisha kasi.
Ikatamka neno moja zima,
ikanyamaza.

Siku mbili.
Ojārs alileta chai, ikapoa, akaleta nyingine.

Kiwanda kilibadili chipu za kumbukumbu
pasipo kumwambia mtu,
na jogoo alikuwa akihesabu mayai ya kuku mwingine.

Akalifungua faili la zamani,
mistari mia tatu ya Tālivaldis,
aliyestaafu akahamia Kuldīga kwa bintiye
na simu hapokei.
Kila penye hatari ameandika: Usiguse. T.
Akagusa.
Namba hii juu kidogo. Ile chini.
Zima, washa. Zima, washa.
Usiku wa tatu kumbukumbu ikahesabika yote,
megabaiti mia tano na kumi na mbili,
na Ojārs akaipiga meza kwa kiganja
hata chai ikamwagikia michoro.

Kisha ukaja ule mstari:
Bonyeza kitufe chochote kusimamisha.
Tatu. Mbili. Moja.

Barua ya manispaa ilitaka sifuri.
Umeme ukikatika ukarudi, pampu irudi papo hapo.
Guntars, mwenye kampuni, alitaka sifuri pia:
“Nani atabonyeza?
Sanduku la chuma, chini ya lami, gizani. Panya?”
Alisema kweli.
Vizma akaandika sifuri.
Kidole kikabaki hewani.

Sifuri haiulizi.
Inaamka na kukimbia,
na ikiwa imekosea, inakosea kwa mwendo uleule,
hadi mtu ashuke na bisibisi kuifumua.
Amewahi kuishi na mtu wa sifuri.
Ukifungua mdomo, ameshafika barabarani.

Chini ya mstari huo Tālivaldis hakuandika Usiguse.
Aliandika:
Tatu. Usiku ule nilikuwa na tatu tu, zikanitosha.

Usiku upi, hakusema.

Akafuta sifuri. Akaandika moja.
Na chini yake, kwa herufi ndogo:
Moja. Ikikupungukia, nisamehe. V.

Akaanza kuzimiminia bodi, moja baada ya moja,
taa nyekundu, taa ya kijani,
Ojārs akibandika namba.
Ya thelathini na saba ikakataa.
Saa nane za usiku hawakuwa na ugomvi nayo,
wakaiacha dirishani, penye ukungu wa vioo.

Nyumbani, kabla ya kuvua koti,
alikiwekea mkono kipasha-joto cha ukutani
kama amgusaye mtoto paji la uso.
Vuguvugu.
Bado ni zile bodi za zamani,
na sekunde zake tatu.